Na Bei, Je?

 

Nimetoka Liparamba juzi. Ni Kwaresima, na mvua za huku kwetu hazijapumzika. Padri alifika kigangoni amelowa hadi magotini, pikipiki yake imejaa tope jekundu hadi kwenye tangi. Hakuomba chai. Alikaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya kanisa, akavaa stola ya zambarau, na watu wakapanga foleni chini ya mwembe.

Foleni ya maungamo haifanani na foleni nyingine. Dukani watu husukumana. Hapa kila mmoja anamwachia mwenzake atangulie. Kina mama wanajitanda kanga hadi kwenye paji la uso. Wazee wanatazama ardhi. Kati ya anayeungama na anayefuata huachwa hatua kumi au zaidi, na mtoto akisogea kusikiliza hufukuzwa kwa jicho tu, bila neno.

Katika foleni ile niliwaona wanaume wawili ninaowafahamu tangu utotoni. Mashamba yao yamepakana. Miaka sita iliyopita mti uliokuwa alama ya mpaka ulikatwa, na tangu siku hiyo hawajapeana hata salamu. Mmoja ni mwanakwaya, mwingine ni mzee wa jumuiya. Wa kwanza aliingia, akakaa kidogo, akatoka, akapiga magoti kanisani. Wa pili naye akafanya hivyohivyo. Kisha mmoja akashika njia ya shuleni na mwingine njia ya mtoni, ingawa nyumba zao ziko upande mmoja na njia fupi ya kuelekea huko ni moja.

Walichomwambia padri ni chao na Mungu wao. Lakini zile njia mbili niliziona kwa macho, na nimekuja nazo hapa studioni.

Kanisa linafundisha kwamba mwenye kutubu ana matendo matatu ya kufanya: majuto, maungamo na malipizi. Ajute moyoni, aseme kwa kinywa, kisha atengeneze alichoharibu. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili aungame walau mara moja kwa mwaka, na ndiyo maana padri wetu hana usingizi kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka. Ndugu zetu Waanglikana wa ziwani nao si wageni wa jambo hili. Wamisionari wao wa UMCA, waliojenga misheni kisiwani Likoma, walikuja na desturi ya kuungama kwa padri, na Shemasi Mkuu William Percival Johnson, aliyelitumikia ziwa hili zaidi ya miaka arobaini, amelala Liuli tangu mwaka 1928. Basi ninaposema maungamo, wa mlimani na wa ufukweni tunaelewana.

Matendo mawili ya kwanza tumeyashika vizuri. La tatu limesinyaa mikononi mwetu. Mwulize mtoto wa kipaimara malipizi ni nini, atakujibu haraka: ni Salamu Maria tatu. Hajakosea sana, maana ndivyo anavyoona kwa wakubwa. Tunaingia na mzigo wa gunia, tunatoka tumelipa kwa kiganja kimoja, na hakuna jirani aliyeona kitu kikirudi nyumbani kwake.

Wakristo wa karne za kwanza walikuwa wakali kuliko sisi. Aliyeua, aliyezini au aliyeikana imani alitubu hadharani, akisimama mbali na Meza ya Bwana kwa miaka, wote wakimwona. Kuanzia karne ya 6 na ya 7 watawa wa Ireland ndio walioeneza katika Ulaya maungamo ya faragha, ya mtu mmoja na padri wake. Mimi nashukuru kwa faragha hiyo. Tunaishi vijijini, ambako kikohozi chako kinajulikana nyumba ya kumi. Kama padri asingefungwa na siri, hakuna ambaye angefungua kinywa. Na amefungwa kweli: hawezi kusema uliyomwambia mbele ya mahakama, wala kwa askofu wake, wala kwa mama yako mzazi, na akiivunja siri hiyo kwa makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo.

Siri hiyo lakini inamfunga padri. Haimfungi aliyeungama. Kwa hiyo nitasema la kwangu.

Miaka ya tisini, serikali ilipofungua biashara ya kahawa kwa wanunuzi binafsi, mimi nilikuwa kijana wa Liparamba mwenye miguu mizuri na mtaji wa kukopa. Nilipanda milimani kwa Wamatengo kufanya magoma. Msikilizaji wa Mbinga hahitaji kuelezwa neno hilo. Kwa wa mbali naeleza. Mwezi wa kwanza na wa pili ghala la mahindi linakuwa limekauka, ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, na kahawa bado ni ya kijani mtini. Wewe unafika na noti mkononi. Unanunua kahawa ambayo mwenyewe hajaivuna, kwa bei unayoitaja wewe. Mwezi wa saba au wa nane unarudi na mizani kuchukua mzigo wako, na bei ya sokoni wakati huo haimhusu tena.

Nilichukua kwa namna hiyo kahawa ya mzee mmoja aliyekuwa akilea wajukuu na mkewe. Magunia manne. Na nilipokuja kupima, mizani yangu ilikuwa imechezewa. Kila gunia ilimeza kilo mbili. Mzee alitazama mshale, akanitazama mimi, hakusema kitu. Nilipakia, nikaondoka.

Nilikaa na kilo hizo miaka mingi. Nilioa, nikabatiza watoto, nikapokea Komunyo. Nilikuwa naungama hasira, uvivu wa sala, pombe. Kahawa niliipita kando, kama mtu anavyoruka dimbwi analolijua lilipo. Kwaresima moja, mbele ya padri mzee ambaye sasa ni marehemu, niliitaja. Nikasema: Padri, niliiba kilo mbili kwa kila gunia, magunia manne.

Alikaa kimya, kisha akauliza: "Na bei, je?"

Nikamwambia bei tulikubaliana.

"Mlikubaliana mwezi gani?"

"Wa pili, Padri."

"Mwezi wa pili, huyo mzee alikuwa na nini ndani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeingia pale na kilo nane, nikajikuta nimebeba magunia manne. Wizi wa mizani nilikuwa nimeuita dhambi kwa sababu niliufanya kwa kujificha. Magoma niliyafanya mchana, mbele ya watu, wenzangu wote wakiyafanya, kwa hiyo niliyaita biashara. Ndivyo tunavyopanga makosa yetu kabla ya kuyapeleka kwa Mungu. Lile dogo la aibu tunalibeba mbele. Lile kubwa lenye wenzetu wengi linabaki nyumbani, na wala hatujui kwamba tumeliacha.

Padri aliniuliza kama niko tayari kurudisha. Nikasema ndiyo. Akaniondolea dhambi. Akanieleza kwamba Kanisa halinilazimishi kujitangaza. Ningeweza kurudisha fedha kwa mkono wa mtu mwingine, jina langu lisitajwe, na malipizi yangekuwa halali. Kisha akaongeza kwamba mimi mzee yule sikumkosea kwa mkono wa mtu mwingine.

Nilipanda mlima mwezi wa tatu. Ulikuwa wakati wa kuchimba ngolo. Wanaume walikuwa wamefyeka na kuyapanga majani miraba miraba kwenye miteremko, na wanawake walikuwa wanachimba katikati na kuyafukia kwa udongo, tayari kwa maharage. Nilipita kati ya watu wakifanya kazi, nikiwa na bahasha kwenye mfuko wa shati, nikawaza jinsi wenzetu hawa wanavyojua kufukia: jani likifukiwa linaoza, linakuwa mbolea. Kosa langu nililifukia miaka yote hiyo na lilikuwa bado bichi.

Mzee alinipokea, akanipa kigoda. Nilimwambia yote, kwanza kilo, halafu mwezi wa pili. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililokunjika pembe. Kumbe siku ile kabla sijafika alikwisha kupima magunia yake kwa mizani ya jirani, akaandika. Chini yake aliandika kipimo changu. "Mwanangu," aliniambia, "miaka yote hii daftari hili lina namba mbili. Sikujua niifute ipi." Akachukua kalamu, akaikata ile yangu kwa mstari mmoja, akalifunga. Nikamshika miguu. Akaniambia niinuke, tunywe chai.

Ningependa kukomea hapo. Lakini mkewe alitoka jikoni akaichukua bahasha, akazihesabu fedha noti kwa noti, akasema: "Hizi ni za kilo nane. Sisi tulikupa magunia manne. Na bei?"

Hakuwahi kuonana na yule padri. Lilikuwa swali lilelile.

Mzee alimwambia, mama, huyu ni mgeni. Naye akajibu kwa utulivu kabisa: "Simfukuzi. Lakini hajamaliza."

Nilishuka mlima nina hasira naye. Nilijiona nimedhalilika vya kutosha, nimetembea vya kutosha, na yeye ananyima kitu ambacho Mungu mwenyewe amekwisha kunipa. Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakitaka kwake. Nilitaka anisamehe ili mimi nipate usingizi. Yeye ndiye aliyelala njaa mwezi wa pili, na nilikuwa nimerudi kumwomba kitu kingine tena, kwa haraka, kwa bei niliyoitaja mimi.

Mfungue Zakayo katika Injili ya Luka, sura ya 19, umsome kama mfanyabiashara anavyomsoma mwenzake. Alikuwa mtoza ushuru, mtu wa hesabu. Hakutoa hotuba ya majuto. Alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Baada ya kutajwa kwa viwango hivyo ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Mara nne, msikilizaji. Zakayo alijua kwamba fedha iliyochukuliwa kwa mwenye njaa haibaki na thamani ileile kwa miaka. Aliweka kichwani mwake yule mbuzi ambaye angezaa, ile ada ambayo ingelipwa.

Hapa nina neno zito la kusema, na nalisema kwa viongozi wa jumuiya zetu ndogo ndogo, mimi nikiwa mmoja wao. Tunawalazimisha watu kusamehe. Mke amepigwa hadi jicho limevimba, tunamwita, tunamsomea habari ya sabini mara saba, mume anasema nisamehe, tunaimba, tunaondoka, na usiku huohuo anapigwa tena. Binti wa miaka kumi na mitatu ameharibiwa, wazee wa pande mbili wanakutana, mbuzi anatolewa, shauri linamalizwa kifamilia, na polisi hawaambiwi. Huo si msamaha wa Kikristo. Ni magoma. Tumemkuta mtu katika mwezi wake wa pili, tukamtajia bei. Aliyemtendea mtoto uovu ana malipizi yake mbele ya sheria, na padri anayemwondolea dhambi hamwondolei kesi. Aliyeumizwa ana haki ya kusema bado, kama alivyosema yule mama, na Mungu hamhesabii kosa kwa kusubiri ukweli ukamilike.

Nimekuwa nikilipima jambo hili pia kwa kipimo kikubwa kuliko kahawa yangu, kwa sababu tunaishi katika mkoa ambao umeombwa msamaha na taifa zima.

Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Aliinama mbele ya makaburi. Alikaa na ukoo wa Nduna Songea Mbano, mkuu wa Kingoni aliyenyongwa na Wajerumani. Akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale, na akasema anaona aibu.

Mnayajua yaliyotendeka katika vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale makumi ya wakuu na wapiganaji wa Kingoni, akiwamo mfalme wao, Nkosi Mputa Gama, wakawafukia katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake, na ukoo wake unasimulia hadi leo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkuu mwenzao, Chabruma wa Mshope, alivuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, akafia huko. Kisha askari wakachoma vyakula, mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Waliokufa katika vita vya Majimaji na njaa yake wanakadiriwa kuwa 75,000 kwa hesabu ya chini, na wapo wanahistoria wanaofika 300,000.

Kuna jambo moja la siku zile za Februari ambalo sijawahi kulizoea. Wafungwa wakisubiri kamba, Padri Johannes Häfliger, Mbenedikto aliyeanzisha misheni ya Kigonsera, aliwaendea, akawafundisha, akawabatiza wengi wao. Kwa imani yetu, maji yale yaliwaosha dhambi zote. Walipanda kitanzini wakiwa safi kama watoto wachanga. Na waliowanyonga walikuwa Wakristo wa kubatizwa tangu utoto, raia wa nchi yenye makanisa na viti vya maungamo kila mtaa. Wao walirudi nyumbani na medali. Ilipita miaka 117 kabla rais wa nchi yao hajasimama juu ya udongo ule akatamka neno samahani.

Nasema wazi kwamba nilimheshimu Steinmeier kwa siku ile. Angeweza kuyasema Berlin, kwa barua. Angeweza kuyasema Dar es Salaam, Ikulu, ambako alikuwa jana yake, akapanda ndege. Alikuja mahali kosa lilipotendeka, akalitaja kosa, akamtaja Songea Mbano kwa jina, akawatazama usoni watu wa damu yake. Sisi wenyewe mara nyingi hatufanyi hivyo kwa jirani wa mpakani. Majuto yalikuwapo, maungamo yalikuwapo.

Malipizi ndiyo yanayosubiriwa. Berlin wataalamu walichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. 202 kati yake yalionekana kuwa ya Tanzania ya leo, na Septemba 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha matatu na watu walio hai huko Kilimanjaro. Watu 202, msikilizaji, wamekaa kwenye makabati zaidi ya miaka mia. Rais aliahidi kwamba juhudi za kumtafuta Songea zitaendelea, naye hakudai kwamba zitafanikiwa. Huko Namibia, mwaka 2021, Ujerumani ilikubali kwamba iliwaua Waherero na Wanama kwa kusudi la kuwafuta, ikataja euro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Viongozi wengi wa jamii hizo walikataa, wakisema hawakuketi mezani bei ilipopangwa. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka yule mama na bahasha yangu. Mkosaji akitaja bei peke yake, hata bei ikiwa kubwa, bado ananunua kahawa ya kijani.

Siwachukii Wajerumani, na wala watu wa Mbinga hawawezi kuwachukia. Jimbo letu, lililozaliwa mwaka 1986, ni rafiki wa Jimbo la Würzburg, na kanisa letu kuu lina jina la Mtakatifu Kiliani, ambaye ndiye msimamizi wao. Tunasali kwa somo mmoja. Ndiyo maana naona tunaweza kuwauliza kama ndugu anavyomwuliza ndugu, bila kupaza sauti: na bei, je?

Lakini tusijifiche nyuma ya Wajerumani. Wangoni, ambao leo tunawalilia kwa haki, waliwavamia Wamatengo na watu wa ziwani kabla Mjerumani hajafika. Walichukua ng'ombe, walichukua wanawake na watoto. Watu waliikimbilia milima, na ile miteremko mikali ya ngolo tunayoisifu ni mahali ambapo mababu walibanwa na hofu. Leo tunaoana, tunazikana, watoto wetu wanasoma darasa moja, na ni neema. Hata hivyo hakuna siku ambayo jambo hili lilikaliwa chini likasemwa. Wangoni na Wahehe waliupitisha ugomvi wao katika utani, wakacheka, na kicheko hicho kimeokoa wengi. Nakipenda. Ila utani hufunika, haurudishi.

Na Kanisa langu. Kabla ya vita, padri wa misheni ya Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali ambapo watu walizungumza na wazee wao waliotangulia. Mwaka 1905 misheni ya Peramiho nayo ikachomwa, na Padri Franziskus Leuthner akauawa. Mwezi mmoja hivi kabla ya hapo, Agosti 14, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, walikuwa wameuawa njiani kuelekea Liwale. Damu yao ni ya thamani na tunaikumbuka kwenye Misa. Lakini historia tuliyofundishwa katika mafundisho ya dini ilianza na moto wa pili. Moto wa kwanza nilikuja kuusikia nikiwa mtu mzima. Papa Yohane Paulo wa Pili, Dominika ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 2000, tarehe 12 Machi, aliomba msamaha hadharani kwa dhambi za wana wa Kanisa. Tuliolelewa na Peramiho, tukafundishwa kusoma, tukatibiwa hospitalini kwake, hatutapungukiwa kitu tukikitaja kile kibanda kwa jina lake mbele ya wajukuu wa Mputa.

Narudi mlimani, nimalize.

Niliporudi Liparamba nilikaa na karatasi. Niliandika bei niliyotoa mwezi wa pili, na bei ambayo mnunuzi wangu alinilipa mwezi wa nane. Nilitoa moja kwenye nyingine, nikazidisha kwa kilo zote za magunia manne. Kisha nikakubali kwamba fedha ile ya zamani haiwezi kununua leo ilichonunua wakati ule, nikaihesabu kwa kahawa, si kwa shilingi. Ilikuwa fedha nyingi kwangu. Niliuza mbuzi, nikauza ufuta wa msimu, na iliyobaki niliipata mwaka uliofuata.

Nilipofika safari ya pili mzee alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta mama peke yake na mjukuu mmoja. Alizihesabu noti kama mara ya kwanza, polepole, akinyoosha zilizokunjika. Nilikaa kigodani nikisubiri, na safari hii sikuomba kitu. Alipomaliza alizifunga kwenye pindo la kanga, akaingia ndani, akatoka na daftari lile. Akalichana ukurasa ule, akanipa. Akasema, "Sasa tumemaliza, baba." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Akanikaribisha ndani, nikala ugali na maharage ya ngolo mezani kwake, na kabla sijaondoka tulikwenda wote wawili kaburini kwa mzee.

Wale wanaume wawili wa foleni ya Liparamba watanisikia leo, maana najua redio zao ziko wapi. Sitaji majina yao. Ndugu zangu, alama ya mpaka ilikuwa mti; mwaweza kupanda mwingine siku moja, mikono minne, mvua hii ingali inanyesha.

Na kwenu wengine wote: padri atakuwa kigangoni Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Kama una kitu cha mtu, kipeleke Ijumaa.